Jogoo wa Kutoka Itigi

Watu wakisikia kwamba Emiliana hajamwona mwanawe kwa miaka tisa, hudhani kijana yuko Uarabuni. Yuko Itigi, anapakia jasi kwenye malori. Unatoka hapa Mungaa asubuhi, unabadilisha basi Manyoni, na jua halijazama unakunywa chai karibu na reli. Ni mkoa mmoja na sisi. Ukaidi wa watu wa huku haukuhitaji kuvuka bahari.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Alute, na kati ya uwanja wake na wangu kuna ua wa minyaa tu. Nimemfahamu Emiliana tangu alipoletwa hapa bibi harusi, nilimzika mumewe pamoja na wenzangu, na yaliyompata mwanawe nilikuwepo. Tena nilikuwa na mkono wangu humo, kwa hiyo msinisome kama shahidi msafi.

Kwetu mtoto hupewa kuku. Unampa tetea mmoja, unamwambia huyu ni wako, na vifaranga vyake ni vyako. Wakizaa vizuri hubadilishwa kwa mbuzi, mbuzi naye siku moja hubadilishwa kwa ndama, na ndivyo kijana anavyoanza kuitwa mtu. Chrispin, mwana wa Emiliana, alipewa tetea wake na baba yake, miezi michache kabla ya mzee kufariki. Kufikia miaka kumi na minane alikuwa na kuku arobaini, na hakutaka mbuzi. Alitaka kuwauza wote kwa mpango, polepole, akasomee udereva Singida mjini. Alikuwa akiwajua mmoja mmoja, na jioni akiwaita walikuwa wanamjia mbio hadi mguuni.

Mwaka ule ikasikika kwamba mdondo umeingia vijiji vya jirani. Mdondo, wengine huuita kideri, hauna adabu: leo kuku kashusha mabawa, kesho shingo imepinda, keshokutwa unafagia manyoya. Chrispin alisikia redioni kwamba kuna chanjo. Akamwambia mama yake, tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Emiliana akacheka. "Kwani kuku wanaumwa macho?" Nami nilikuwa nimekaa hapo, nikaongeza ya kwangu: "Dawa ya mdondo ni mbili, mwanangu. Kisu na mnunuzi." Tulicheka sana siku ile.

Hivyo ndivyo tulivyojua sisi. Ukisikia mdondo, unachinja unaoweza kula, wanaobaki unawakimbiza kwa wanunuzi wa Ihanja barabarani kabla hawajasinzia, wakafie mikononi mwa mwingine. Tuliona ni akili. Hakuna aliyejiuliza waliokuwa wakisafiri kwenye matenga yale walikuwa wamebeba nini.

Chrispin hakubishana. Alichukua baiskeli akaenda Singida mjini kutafuta hiyo chanjo. Siku ya kwanza hakurudi. Siku ya pili kuku wawili wa Joyce, anayekaa ng'ambo ya njia, wakaanguka, na Emiliana akapatwa na hofu. Alikuja kwangu mbio bila hata kufunga kilemba. Mimi ndiye niliyefunga miguu ya kuku wale. Arobaini. Wachache tuliwachinja, waliobaki wakapakiwa kwenye pikipiki kwenda Ihanja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa, nasema hivyo nikijua nasema nini.

Kijana akafika alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kichupa cha chanjo amekizungushia kitambaa kibichi ndani ya shati. Akasimama uwanjani. Akaita kama alivyozoea kuita, mara moja. Kisha akakiweka kile kichupa juu ya kinu cha mama yake, taratibu, akaingia ndani kulala. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Wiki iliyofuata aliondoka, na tangu hapo habari zake tulikuwa tukizipata kwa madereva.

"Njaa itamrudisha," alisema Emiliana mwezi wa kwanza. Mwaka ulipoisha akabadili maneno: "Anajua njia." Akawa hivyo. Ukimwuliza mwanao vipi, anajua njia. Ukimwambia mpelekee salamu, anajua njia. Kwa mdomo alikuwa mwamba kama haya mawe yetu, lakini mimi nilikuwa namwona asubuhi akichota mtama kiganjani, anasimama katikati ya uwanja, na kuku hana. Alikuwa anasahau. Anasimama pale na mtama wake mpaka anakumbuka, kisha anaurudisha kwenye chungu.

Mwaka wa tatu ofisi ya mifugo ikatafuta watu wa kufundishwa kuchanja kuku kila kijiji. Emiliana akajiandikisha wa kwanza. Hakusema kwa nini, na hakuna mtu mwenye akili aliyemwuliza. Akapewa mafunzo, akarudi na chupa ya chai ambayo hakuwahi kuitia chai hata siku moja. Ilikuwa ya barafu, ya kuhifadhia chanjo. Kabla kuku hawajafunguliwa anakuwa ameshafika uwanjani kwako. Anamkwapua kuku, mabawa kwapani, kichwa kiganjani, anavuta ukope, tone moja. Anangoja. "Akishapepesa, imeingia," anasema, na kumwachia.

Alikuwa mkali kuliko afisa yeyote. Ukimletea kuku aliyeanza kusinzia anakufukuza: "Chanjo ni ya mzima! Mgonjwa mpeleke shimoni." Joyce aliwahi kuletewa kuku wa zawadi na wifi yake, akamwachia achanganyike na wengine. Emiliana alimgombeza mpaka mama wa watu akalia. Kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili, hata akiwa ametoka kwa askofu. Hayo yalikuwa maneno yake, na kijiji kizima tulikuwa tunayajua kama Baba Yetu.

Akaanza kufuga tena pia, kidogo kidogo, kuku wakalala kwenye tembe la zamani la mumewe. Siku moja baada ya kuchanja wa kwangu, alikaa kunywa uji akasema, bila kunitazama, "Alute, nimechanja kuku wa watu mpaka nimepoteza hesabu. Kila jicho ninalotia tone nasema moyoni, hili la Chrispin. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake." Nilimjibu kwamba uji unapoa. Sisi wanaume wa huku tukikosa la kusema, chakula huwa kinapoa.

Mwaka huu, baada ya alizeti kuvunwa, kondakta wa basi akateremsha tenga moja hapo kituoni. Ndani mlikuwa na jogoo wa kuchi, mwekundu, mrefu, shingo kama ya mtu anayetafuta ndugu yake mnadani. Pamoja naye kikaratasi chenye namba ya simu, na ujumbe wa mdomo: "Kutoka kwa Chrispin, wa Itigi. Mpe mama yangu. Mwambie asimchinje mpaka nije, nitakuja kabla ya mvua."

Nilimwona Emiliana akirudi na yule jogoo. Alikuwa amembeba ndani ya kanga kifuani, na hakuwa akitembea kama mtu wa miaka hamsini na kitu. Akapita moja kwa moja hadi kwenye tembe, akafungua mlango, akamwachia katikati ya kuku wake thelathini.

"Mama Chrispin," nikamwita kupitia minyaa, nikicheka, "na zile wiki mbili?"

"Huyu si mgeni," akanijibu. "Huyu ametoka kwa mtoto."

Nami sikusema tena. Nani angesema? Mganga hajigangi, na mimi nilifurahi naye. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo alilijua vizuri kuliko mimi: kuku wake walikuwa wamepitisha miezi mitatu tangu wachanjwe. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa haiwekwi, na watu walikuwa bado mashambani wakivuna mtama, nyumba za kutosha zilikuwa hazijajiandikisha. Alikuwa akingoja watu. Siku zilikuwa zimesogea, mwezi mzima ulikuwa umepita hata kabla jogoo hajafika.

Siku sita baada ya jogoo kufika alikuwa mtu mwingine. Alipaka nyumba udongo mweupe. Alitwanga uwele akaupepeta mara mbili. Namba ya simu aliifunga kwenye pindo la kanga na hakupiga. Nilimwuliza kwa nini, akasema anaogopa asije akasema neno baya likamgeuza njiani. "Nitamsikia akija," akasema. Jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda anamtazama yule jogoo akila. Nilimsikia akimsimulia mambo: baba yake alizikwa wapi, binti gani ameolewa, bei ya alizeti. Mazungumzo yote ya miaka tisa aliyamalizia kwa kuku.

Siku ya saba asubuhi tetea mmoja alikuwa amesimama pembeni, mabawa chini. Siku ya nane walikuwa watatu, na wa nne shingo ilikuwa imepinda anatazama juu.

"Alute, njoo uone," aliita. Kisha upesi, "Hapana! Usiingie. Simama hapo hapo kwenye minyaa."

Nikasimama. Nikaona kinyesi cha kijani hata kutoka pale. Basi nikafungua mdomo, na Mungu ndiye shahidi, yakatoka maneno yale yale ya zamani, yamenona kabisa. "Walio wengi bado wazima. Ukiwawahisha Ihanja leo..."

Akanigeukia. "Mdomo wako haujazeeka hata kidogo." Akatoa simu akampigia afisa mifugo.

Afisa wetu ni binti anaitwa Dina, mdogo kwa umri lakini kazi anaijua. Alifika na pikipiki, akavaa mabuti, akayachovya kwenye ndoo ya dawa kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Tisa wanaumwa tayari. Hawa waliobaki, tukiwatia chanjo leo, wengi ugonjwa uko ndani, watakufa tu. Na watakaopona watatufanya tujidanganye kwamba umekwisha." Alivua glavu polepole. "Ningekuwa mimi, ningechinja wote na kuwafukia leo leo. Kuku wa majirani bado wazima, hao ndio tuwawahi na chanjo. Lakini siwezi kukushika mkono. Kuku ni wako."

"Na jogoo?" aliuliza Emiliana. "Jogoo haumwi. Mtazame anavyokula."

"Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote, mama. Alichanjwa?"

"Sijui."

"Kama alichanjwa huko alikotoka, anaweza kuubeba asianguke. Na kwenye basi alikaa na matenga ya nani? Hatujui."

"Nitamfungia ndani kwangu. Chumbani. Hataona jua."

Dina alitabasamu kidogo, kwa huzuni. "Mama, wewe ndiye uliyenionyesha watu wa hapa wanaficha kuku wapi."

Hapo Emiliana akasema kitu ambacho sikutarajia amwambie mtoto wa watu. "Amesema nisimchinje mpaka aje." Alikisema kama binti mdogo aliyetumwa dukani na kupoteza alichotumwa. Dina aliinamisha kichwa. Akamwambia kwamba chanjo ataizungusha yeye nyumba hadi nyumba, maana mikono na viatu vya Emiliana sasa vina ugonjwa, asiingie uwanja wa mtu. Akachukua ile chupa ya barafu akaondoka.

Emiliana akakaa kwenye kigoda. Jogoo akaja akasimama karibu na mguu wake, anadonoa mtama, mzima wa afya, anang'aa. Jua likapanda mpaka likawa juu ya tembe. Mimi niko kwenye minyaa, siondoki, siingii.

"Akija asimkute," akasema mwishowe, "atasema mama ni yule yule. Alute, unasikia? Atasimama hapo hapo alipokuwa amesimama, ataita, na atasema mama ni yule yule."

"Mpigie kwanza," nikamwambia. "Namba unayo. Mwombe ruhusa."

Alitikisa kichwa. "Nikimpigia kwanza atasema mwache, na mimi nitamwacha. Nitamwacha, Alute. Nimemngoja mno. Halafu kuku wa Joyce watakufa, na wako watakufa, na nyumba zote hizi ambazo watoto wao wana kuku." Akafuta uso kwa kanga. "Leta jembe."

Nikapita kwenye minyaa. Akanionya, katika hali ile ile, kwamba nisirudi kwenye kuku wangu mpaka nimeoga na kufua nguo. Nikachimba shimo nyuma ya tembe, refu mpaka kiunoni kwangu. Thelathini niliwachinja mimi, na sikuona fahari yoyote, ingawa safari hii hakuna aliyekwenda barabarani. Tulimwaga majivu na chokaa. Fito walizokuwa wakilalia tukazichoma.

Jogoo alimchinja mwenyewe. Alimshika kama anavyowashika wa chanjo, mabawa kwapani, kichwa kiganjani. Alimwambia jambo kwa Kinyaturu, si refu, na sitaliandika hapa kwa sababu halikuwa langu.

Huko njiani tulikuwa tunamsikia Dina akienda nyumba hadi nyumba. Emiliana alisogea mpaka kwenye ua, akapaza sauti, bado ana majivu mikononi: "Joyce! Na wale wa uvunguni uwatoe, nawajua!" Joyce akajibu kwa mbali kwamba anawatoa. Emiliana akarudi akakaa. Ndipo akafungua pindo la kanga.

Simu yake ni mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, ndiyo maana najua yaliyosemwa. Iliita muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamume mzima, si ya yule mtoto wa baiskeli, na nyuma yake malori yananguruma.

"Haloo. Nani?"

"Ni mimi."

Malori yakaendelea kunguruma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaendelea moja kwa moja, kama mtu anayevuka mto kabla hajabadili nia. "Jogoo wako alifika. Nimemchinja leo."

Hakungoja jibu.

"Kuna mdondo, Chrispin. Umeanzia kwangu. Nilimchanganya na wengine siku ile ile aliyofika. Nilifurahi mno, sikumtenga. Kosa ni langu, si la jogoo, wala si lako. Nimechinja wote, nimewafukia."

"Wote?"

"Wote."

"Na wa majirani?"

"Wanachanjwa sasa hivi. Ningewachanja mimi, lakini siruhusiwi kutoka. Mimi ndiye mchanjaji wa hapa, kama hujasikia."

"Nilisikia," alisema. "Dereva mmoja aliniambia, mwaka juzi. Nilimwambia anadanganya. Nikauliza na mwingine." Akakohoa. "Ndiyo maana nilimtuma jogoo."

Emiliana aliziba mdomo kwa mkono, mkono wenye majivu. Mimi nilitazama minyaa kama vile sijawahi kuiona.

"Mama," akasema yule kijana, na safari hii sauti ilikuwa imelegea, "sasa nikija utanichinjia nini?"

Miaka tisa nimemsikia mwanamke huyu akisema anajua njia. Miaka tisa, kwangu, kwa padri, kwa kila aliyeuliza.

"Sina," akasema. "Sina hata kifaranga, na banda nimekatazwa kuweka kuku miezi miwili. Njoo hivyo hivyo. Njoo kesho, Chrispin. Tutakula mlenda. Njoo, mwanangu, nimechoka kukungoja, njoo unigombeze ukiwa hapa..."

Simu ikalia mlio ule wa salio kwisha, ikazimika sauti. Akaitazama. Akaiweka juu ya kinu, uso juu, tukakaa tukingoja apige yeye. Hakupiga. Wanawake wakapita na maji. Dina akarudisha chupa ya barafu, akaiacha getini, akaaga. Kuku wa kwangu, wamechanjwa, wakaanza kuingia bandani ng'ambo ya minyaa, na simu ilikuwa bado kimya.

"Alute," akaniuliza, "mwishoni pale, kabla haijakatika, kuna kitu alisema. Umesikia?"

Sikuwa nimesikia kitu chochote ila malori.

"Amesema anakuja," nikamwambia.